Ufunguo Shingoni mwa Mzee Amisi

Tangu nirudi Tanga, kila anayekuja kunipa pole ananitazama mikono na miguu kwanza, akihakikisha nimerudi navyo vyote. Habari za ajali yangu zilifika nyumbani kabla yangu, na njiani zikanenepa. Jirani amesikia nilivunjika nyonga. Shemeji yangu amesikia nilifungwa. Basi naandika mara moja, msome mpeane, nisirudie hadithi hii kwa kila birika la chai. Sikuvunjika popote. Kufungwa, labda kidogo, na aliyenifunga ni mzee mmoja mwenye baiskeli ambaye ningekuwa na njia ningekwenda kumsalimia kesho.

Mnajua nilikaa Kindu miaka miwili nikitengeneza pampu za visima. Kindu iko Maniema, Kongo, kwenye ukingo wa mto Lualaba, na watu wake wanasema Kiswahili ambacho siku ya kwanza kilinichekesha na siku ya mwisho kiliniliza. Waliniita Mama wa Pwani. Wazee wa pale wanasema mababu zao waliokuja na misafara ya biashara walitoka kwetu, kwa hiyo mtu hukuuliza habari za Tanga kama anayeuliza hali ya shangazi yake. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, hayana ladha. Naanzia Kama.

Kutoka Kama

Kama ni mahali pa wachimba dhahabu, kule ndani kwenye wilaya ya Pangi. Tulikuwa tumekwenda kufufua pampu moja, tukaifufua, na Alhamisi asubuhi tukaanza kurudi Kindu. Dereva wetu alikuwa Papa Ramazani, mwenyeji wa Kindu, aliyenizidi miaka kumi na mitano na kila kitu kinachohusu barabara. Asubuhi ile homa ilikuwa imemshika. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka masikioni, meno yanagongana. Nikamwambia akae pembeni, nitaendesha mimi.

Alisogea pembeni akinitazama. "Mama wa Pwani, unakumbuka huku tunapita mukono gani?"

"Wa kulia, Papa Ramazani. Miaka miwili sasa."

"Bon. Usisahau."

Mnanijua hasira zangu ziko karibu. Nilinuna kilomita nyingi, nikaendesha vizuri makusudi. Barabara ile ni ya udongo mwekundu, nyembamba, magari ni ya kuhesabu, kwa hiyo kila mtu hupita katikati na suala la kulia na kushoto halitokei mpaka litokee ghafla. Kwangu lilitokea kwenye kona yenye mianzi. Pikipiki ilichomoza mbele yangu, imebeba mbuzi wawili na mwenye mbuzi. Kichwa changu kilijua ni kulia. Mikono iliyojifunza Tanga ikaenda kushoto.

Pikipiki ilipita salama, mbuzi mmoja akanitazama usoni kabisa. Lakini kushoto, ukingoni, alikuwepo mzee anayesukuma baiskeli ya mizigo, zile ambazo hazipandwi: fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani ili aiongoze akitembea kando, nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti ya kusukumia, na katikati gunia la mpunga na madumu mawili ya mawese. Mzee aliruka. Baiskeli haikuweza kuruka. Niliigusa ubavuni, dumu moja likapasuka, taa yangu ikavunjika, na gari likaingiza gurudumu moja mtaroni likatulia huko kama limefika nyumbani.

Hiyo ndiyo ajali yenyewe. Mmesikia kubwa zaidi.

Mtaroni

Kanuni ya ofisi yetu ilisema mgeni akipata ajali asishuke, aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Kanuni haikusema lolote kuhusu gari lililo mtaroni. Watu walianza kutokea kwenye mianzi, wawili, watatu. Papa Ramazani alitoa kichwa kwenye blanketi.

"Zima gari. Toa ufunguo, umupe mzee."

"Nimpe ufunguo? Wa gari la ofisi?"

"Kwenye barabara hii, mwenye kugongwa njo anashika ufunguo, mpaka maneno iishe." "Njo" yao ni "ndiye" au "ndiyo" yetu.

"Maneno gani?"

"Atasema yeye mwenyewe. Umupe kwa mikono miwili, na umuombe samahani."

Nilishuka, nikampa. Mzee aliupokea kwa mikono miwili vilevile, akaufunga kwenye kamba aliyovaa shingoni, akauingiza ndani ya shati. Alikuwa mwembamba, kofia nyeupe ya kushonwa imekaa sawa kichwani hata baada ya kuruka. Nikamuuliza kama ameumia, akasema apana. Kisha akanipa mgongo, akapiga magoti kwenye tope la mtaro, akaanza kupapasa.

Nikawaza, haya, sasa mimi ni mateka.

Papa Ramazani ndiye aliyenipatia habari zake, kwa kuongea naye kupitia dirishani. Aliitwa Mzee Amisi. Alikuwa anakwenda Kindu kumwozesha binti yake wa pekee, Zaina, aliyelelewa mjini kwa shangazi yake. Ndoa ilikuwa kesho, Ijumaa, baada ya sala. Bwana harusi alifanya kazi kwenye treni ya mizigo, na treni ilikuwa inaondoka Kindu kesho hiyohiyo jioni pamoja na bwana harusi na mkewe. Treni ile ikiondoka, siku ya kurudi anaijua Mungu peke yake. Na baba ndiye walii, mwenye kumwozesha. Asipofika yeye, ndoa itasubiri treni.

"Basi twende!" nikasema. "Baiskeli tunaifunga juu ya gari, tunafika leo!"

"Siendi bila kitu yangu," akasema Mzee Amisi, bila kuinua uso.

"Kitu gani, mzee wangu? Nikusaidie kutafuta."

"Umeshanisaidia."

Nilistahili. Nikainama nami nikaanza kupapasa tope nisilojua nalipapasia nini.

Hapo wakapita wachimbaji. Walikuwa kama wanane, wanawake na wanaume, wanaelekea Kama na makarai na sepetu zao. Sasa fikirini wanachokiona: mzee mtu mzima, amepiga magoti mtaroni, anachuja tope kwa vidole, na pembeni mgeni wa gari naye anachuja. Hawakuuliza. Walitua mizigo, wakaingia mtaroni, na kabla sijanyoosha mgongo makarai yalikuwa yanazungushwa.

"Jamani, hapa hakuna dhahabu!" nikapiga kelele. "Hakuna dhahabu hapa kabisa!"

Kosa langu la pili siku ile, na kubwa kuliko la kwanza. Mwanamume mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti niliyoisikia vizuri, "Mugeni anaikataza. Basi iko."

Kufikia saa sita walikuwa arobaini. Wenye pikipiki walisimama kuuliza, wakabaki. Watu wa kijiji cha karibu walikuja na majembe. Mama mmoja alifungua sufuria la wali na sombe, yaani kisamvu, lililoogelea kwenye mawese, akaanza kuuza pale pale, na kwa kuwa nilikuwa mateka nikala sahani mbili. Mnaosema kisamvu cha nazi hakina mpinzani, mimi sibishani nanyi tena, ila mna bahati hamkuonja kile. Papa Ramazani alipelekewa supu ya samaki ya pilipili mpaka akatoka jasho, na jasho likapunguza homa. Mzee Amisi hakula. Aliendelea kupapasa, na kila karai lililozungushwa alilitazama kwa macho ya mtu anayesubiri hukumu. Hapo ndipo hasira yangu iliisha. Hakuna mtu anayetafuta mali kwa macho yale.

Aliyekipata alikuwa mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani. Alizungusha karai lake, akamwaga maji polepole kama wanavyofanya, na chini kikabaki kitu cha manjano, cha mviringo, kikubwa kama nusu ya chungwa. Alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Kindu. Watu wote walimkimbilia. Akakiinua, akakifuta na kanga.

Kilikuwa kifuniko cha kengele ya baiskeli.

Watu arobaini wenye tope mpaka mapajani walikitazama kile kifuniko, kisha wakamtazama Mzee Amisi, ambaye alikuwa amekaa kitako kwenye maji na mikono imenyooshwa mbele. "Njo hii," alisema. "Mama, Mungu akubariki. Njo hii."

Aliyotueleza mzee

Walitaka maelezo, na haki yao. Mzee Amisi aliyatoa akiwa amekaa pale pale.

Wakati wa vita alikuwa mfanyabiashara mdogo wa chumvi. Treni zilikuwa hazifiki, magari hakuna, chumvi iliingia kwa baiskeli kama hii, na baiskeli yenyewe ndiyo hii. Mama yake Zaina alikuwa amekwisha kufariki. Walipokimbia kijiji, alimkalisha mtoto ndani ya beseni juu ya mzigo akasukuma siku nyingi porini. Lakini chakula kilipokwisha ilibidi aende kutafuta, na barabarani hakuweza kwenda na mtoto. Akawa anamficha.

"Nilimuambia, usijibu muntu," alisema. "Hata akikuita jina yako. Hata akisema, ni mimi baba. Maana wenye bunduki walikuwa wanaita watu hivyo, wanajua majina. Nikamuambia, kama kengele haijalia mara mbili, weye hauko. Kengele ikilia mara mbili, njo unasema, niko hapa, baba."

Safari moja alikwama siku nne. Alirudi bila chumvi, bila chakula, bila viatu. Akapiga kengele mara mbili. Kimya. Alisema pale alikufa, na tunayemwona ni mwingine. Akapiga tena mara mbili, na kutoka chini ya majani sauti ndogo ikasema, niko hapa, baba.

"Iko mukubwa sasa," akamaliza. "Juzi amenitumia salamu kwa muntu. Ameniambia, baba, siku ya ndoa utaniuliza kama nakubali. Sitajibu muntu mpaka nisikie kengele. Anacheza na mimi. Lakini nami nimemuahidi."

Nililia, siwafichi. Mama wa kitambaa cha njano naye alilia, huku akimgombeza mzee kwamba angesema mapema wangetafuta kengele kwa moyo uleule. Kisha watu arobaini walishika gari, kila mmoja upande wake, wakaimba mara moja, likatoka mtaroni. Dakika moja. Nilikuwa nimekaa nalo pale nusu siku.

Kabla hawajatawanyika walitaka kuisikia. Mzee alikiweka kifuniko juu ya kitako chake kilichobaki kwenye usukani, akabonyeza. Ikasema, ka. Kama mtu anayekohoa. Skrubu ilikuwa imepotea na kidole cha kubonyezea kimepinda, na aliyekipinda ni mimi.

"Nipe, mzee," nikasema. "Mimi ni fundi."

Alinitazama, akatazama taa yangu iliyovunjika, akakitia kifuniko ndani ya shati pamoja na ufunguo wangu. "Tufike kwanza," alisema.

Mpaka Alunguli

Baiskeli tuliifunga juu ya gari kwa mipira ya ndani ya magurudumu. Papa Ramazani alilala nyuma. Mzee Amisi alikaa mbele, karibu yangu, kwa sababu ufunguo ulikuwa shingoni mwake na maneno yalikuwa hayajaisha. Alikuwa akiinama, anauchomeka mwenyewe, anasubiri gari liwake, halafu anafungua fundo la kamba na kuuacha. Nikisimama tu, anauchomoa. Nikisimama kumpisha bata, anauchomoa. Mara moja tuliwasha gari mara sita ndani ya kijiji kimoja, na Papa Ramazani akasema kutoka kwenye blanketi kwamba yuko safarini na watu wawili wasiojua kuendesha.

Kila tulipokutana na chombo, mzee alinyoosha mkono mbele ya kifua changu. "Kuume, Mama wa Pwani. Kuume."

Tulilala kijijini kwa jamaa zake, na Ijumaa saa nne asubuhi tukafika Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ng'ambo ya huku ya mto. Mji wenyewe, na msikiti, na reli, vyote vilikuwa upande wa pili, tunaviona. Kivuko cha magari kilikuwa kimefungwa kamba. Hakina mafuta, wakasema. Labda kesho.

Mzee Amisi alichomoa ufunguo akaurudisha shingoni. "Gari ibaki," alisema. "Velo itavuka." Velo ni baiskeli. Basi gari la ofisi lililokuwa na redio na winchi lilibaki Alunguli na Papa Ramazani akiwa ndani yake, na baiskeli yenye fimbo mbili ikalazwa ndani ya mtumbwi, sisi pembeni yake.

Katikati ya mto nilitoa koleo mfukoni, nikaomba kengele niianze, maana muda ulikuwa unatupa kisogo. Mzee alifunika shati kwa mikono yote miwili.

"Apana. Hapa hakuna wachimbaji."

Mpiga makasia alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, nikarudisha koleo.

Ng'ambo

Tulishuka bandarini, na kutoka stesheni nikasikia mabehewa yanagongana yakiungwa. Mzee alinikabidhi kifuniko. Nilikaa juu ya gogo, mfuko wangu wa vipuri vya pampu miguuni. Kunyoosha kidole cha kubonyezea ilikuwa rahisi. Skrubu nilipata ya valvu. Nikafunga, nikabonyeza: ka.

Nikabadilisha skrubu. Ka. Adhana ya kwanza ikaanza. Mzee alisimama tu akiwa ameshika baiskeli, na ningependa angenigombeza. Mikono ilikuwa inaniteleza kwa jasho. Halafu nikaona: nilipokigonga kifuniko kwa gari nilikuwa nimekipinda ukingo, kikawa kimekalia kitako chake. Kengele inayokalia kitu hailii, lazima ining'inie. Nikachukua washa mbili ndogo za shaba, zile pete bapa tunazoweka kwenye pampu, nikazipachika chini yake zikinyanyue. Nikabonyeza.

Ililia. Haikulia kama kengele mpya, ilikuwa na mkwaruzo, lakini ililia. Mzee Amisi alifunga macho. "Usipige tena," alisema. "Hizo mbili zibaki zake." Akaelekea msikitini akisukuma.

Mimi nilipelekwa kwa shangazi, chumba cha wanawake. Zaina alikuwa amekaa mkekani, mrefu, na hina mpaka kwenye viwiko, na macho yaleyale niliyoyaona mtaroni. Nilimsalimia. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyegonga kengele yake, woga ulinizidi. Baada ya sala wanaume walijaa uani, na sheikh akaja mlangoni pamoja na Mzee Amisi, aliyekuwa amevaa kanzu ya kuazima. Ufunguo wangu ulionekana kifuani umetengeneza kivimbe.

"Zaina binti Amisi," akasema baba, "unanipa idhini nikuozeshe kwa Idi?"

Zaina akatazama hina yake. Hakujibu.

Sheikh alisubiri kidogo, akatabasamu. "Kunyamaza njo kukubali. Twende."

"Kwa wengine, ndiyo," akasema Mzee Amisi. "Huyu apana. Huyu akinyamaza, hayuko."

Akatoka. Sheikh alibaki mlangoni akishangaa. Shangazi alishika mkono wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu, na nikajua kwamba yeye anaijua habari yote ya kengele. Nilihesabu hatua za mzee kwenda getini. Niliziomba zile washa mbili kama ninavyomwomba Mungu.

Kengele ililia. Ikalia tena.

"Niko hapa, baba," akasema Zaina, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mwanamke aliyekaa mbele yangu. Kisha akainua uso, machozi yanamtiririka, akasema kwa nguvu wasikie mpaka uani: "Niko hapa, na nimekubali."

Vigelegele mnavijua, sivielezi.

Kurudi kwenye gari

Treni iliondoka jioni na Zaina ndani yake. Kengele aliichukua, baba yake aliifungua usukanini mbele yetu akampa, pamoja na washa zangu mbili.

Jumamosi kivuko kilipata mafuta, na mzee alinisindikiza mpaka kwenye maji. Pale alinikamata mkono akanisimamisha. Akavua kamba shingoni, akafungua fundo, akanipa ufunguo kwa mikono miwili mbele ya watu wote wa kivukoni.

"Maneno imeisha, Mama wa Pwani," alisema. "Nenda. Ushike kuume."

Siku mbili nilikuwa nimeutamani ufunguo ule kuliko kitu chochote. Niliupokea kwa mikono miwili, bado una joto la kifua chake, na nikatamani maneno yetu yasingeisha.